Bawa la Kitani

Juzi nilikwenda kupaka rangi kucha. Usinicheke, rafiki yangu. Binamu yangu alikuwa anaolewa Mississauga, huku Kanada, na mama alishanionya kwamba nikitokea ukumbini na kucha zangu za kila siku atajifanya hanijui. Basi nikakaa saluni, mkono juu ya taulo, dada wa saluni akafungua kichupa. Ile harufu iliponifikia, machozi yakanitoka, tena si ya kulengalenga bali ya kumwagika kabisa. Yule dada akauachia mkono wangu haraka akidhani amenikata ngozi. Nikamwambia hapana, endelea tu, ni harufu. Akafungua dirisha, akaniletea maji ya kunywa, na mimi nikaendelea kulia mbele ya wateja wote.

Utauliza rangi ya kucha imenifanya nini. Ngoja nikueleze. Ndege za kwanza zilizopelekwa vitani hazikwenda kupigana, zilikwenda kuchungulia adui yuko wapi. Na hazikuwa za chuma. Zilikuwa mbao, nyaya na kitambaa cha kitani. Kitambaa kikishashonewa kwenye mbavu za bawa hupakwa dawa ili kikaze, na dawa hiyo hunuka rangi ya kucha, ila kali zaidi, harufu ya kukujaza kichwa. Mimi Jumamosi zangu za utoto zilinuka hivyo. Kanga za bibi zilinuka hivyo, na hata maandazi tuliyobeba kwenye kopo yalirudi nyumbani yakinuka hivyohivyo.

Bibi, mzaa mama, aliletwa Toronto kutoka Handeni ili anilee. Baba alikuwa ameshajiendea zake, na mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, zamu juu ya zamu. Tuliishi ghorofa ya juu katika yale majengo marefu ya mtaa wa Jane na Finch, lifti ikiwa nzima leo na mbovu kesho. Baridi bibi aliizoea upesi kuliko nilivyotegemea. Kilichomshinda ni watu kusimama pamoja ndani ya lifti wakitazama namba zinavyobadilika, hakuna anayemjulia mwenzake hali. Yeye alimsalimia kila aliyeingia, kwa Kiswahili, awe nani. Jirani yetu mmoja, mama wa Kijamaika, mwishowe alijifunza kuitikia "nzuri", na tangu siku hiyo akawa anagonga mlango kila akisikia harufu ya iliki.

Mimi nilimwelewa bibi kila neno, lakini nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa pale. Yeye aliniita mke mwenzangu, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, na alilalamika kwamba amepewa mke mwenza bubu. "Nimevuka bahari," alimwambia mama, "nakuja kuongea na ukuta." Mama alicheka kwa uchovu na kulala na viatu miguuni. Najua sasa kwamba bibi hakuwa anatania sana. Alikuwa mpweke, na mimi niliyeletewa bibi wa kunilea nilikuwa sehemu ya upweke huo.

Siku moja mwalimu wetu alitupeleka kutazama ndege za zamani kwenye uwanja uliokuwa wa jeshi, si mbali na kwetu. Alihitaji watu wazima wa kufuatana na watoto. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo akaja bibi, koti la mama juu, kanga chini, na kopo la maandazi la kutosha darasa zima. Niliona haya, sikufichi. Nilikaa kiti cha mbali kwenye basi.

Banda la ndege lilikuwa refu na la baridi, sakafu ya saruji, madirisha juu kabisa. Katikati palikuwa na kiunzi cha ndege ya upelelezi ya vita vya kwanza, ile ya mabawa ya ghorofa, moja juu na moja chini, iliyokuwa inaundwa upya na wazee wa kujitolea. Mkubwa wao, ambaye sisi tulimwita fundi, alikuwa Mzungu mrefu aliyejikunja mgongo, na kifaa cha kusaidia kusikia katika kila sikio. Alituonyesha kiti cha mbele cha mtazamaji na cha nyuma cha rubani. Halafu akatuonyesha bawa moja dogo lililokwisha kuvikwa kitambaa, akasema tuguse, taratibu.

Bibi aligusa pamoja na watoto. Aligusa, akarudisha mkono, akagusa tena. Akanivuta kando.

"Mke mwenzangu, muulize. Hii ni nguo?"

Nikamuuliza fundi. Akasema ndiyo, kitani.

"Muulize tena. Hii nguo ndiyo iliyoruka? Na watu ndani?"

Fundi akasema ndiyo, mama, watu wawili. Bibi akakaa chini kwenye sakafu ile ya baridi, mbele ya darasa langu zima, akafunika uso kwa ncha ya kanga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu alidhani ni moyo. Bibi alikuwa anasema kitu kimoja tu, tena na tena: "Baba hakuwa mwongo."

Kwenye basi la kurudi nilikaa naye, na akanisimulia. Baba yake, akiwa kijana, alichukuliwa upagazi Waingereza walipoingia Handeni wakimfukuza Mjerumani. Wengi walikwenda na wachache walirudi. Yeye alirudi na hadithi moja. Ndege ya Waingereza ilishuka porini ikiwa na injini mbovu, ikafunguliwa, na wapagazi wakaibeba kipande kipande hadi kambini. Yeye alibeba bawa kichwani, juu ya ngata, pamoja na wenzake. "Ni fito na shuka," alisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Nyepesi. Lakini upepo ukija, inataka kukuacha iende zake."

Nani angemwamini? Bibi alipozaliwa miaka mingi baadaye, watu walishaona ndege za bati zikipita juu. Walimcheka, wakambatiza jina la Mzee Shuka. Kisimani watoto walitandaza kanga mikononi na kukimbia wakimzunguka bibi, wanaruka, eti ndiyo ndege ya baba yake. Bibi aliwavumilia mpaka akachoka. Jioni moja alimwambia, "Baba, nakuomba usiisimulie tena ile habari." Baba yake akamtazama, akasema haya. Wala hakuisimulia tena mpaka wanamzika. Bibi alinisimulia hayo akitazama dirishani, koti la mama likiwa kubwa mno mabegani mwake, na mimi nikasahau haya zangu zote.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa mlangoni kwa fundi. Bibi alinifundisha njiani cha kusema: kwamba anajua cherehani, kwamba hataki ujira, na kwamba siku chombo hicho kitakaporuka anataka awe amesimama pale. Alitaka akione kwa macho yake kisha arudi Handeni akaseme. Fundi alisikiliza, akamtazama huyu mama mfupi mwenye buti za mjukuu wake, akasema karibu. Akaongeza kwamba wanategemea kuirusha kiangazi kijacho.

Usidhani bibi aliingia pale akawafundisha kazi. Mstari wetu wa kwanza wa mishono fundi aliufumua wote kwa wembe, kwa sababu bibi alikaza uzi kama anashona mto, na mbavu za bawa zingevunjika. Bibi alinuna. Wiki hiyo nyumbani tulikula ugali na mchicha wa kopo tu. Lakini Jumamosi alikuwa ameshavaa buti zangu kabla sijaamka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wawili, haifanyiki vinginevyo. Bawa husimamishwa wima juu ya stendi za mbao, mmoja akakaa upande huu na mwingine upande ule. Sindano ni ndefu kama mkono wa mtoto na uzi umepakwa nta. Wa huku anaichomeka kando ya ubavu wa mbao, wa kule anaipokea, anaizungusha ubavu na kuirudisha, kisha fundo linafungwa, na hivyohivyo mpaka mwisho wa bawa. Hamwonani. Unachokiona ni kivuli cha mwenzako kwenye kitambaa, jua likiwa upande wake. Bibi alichagua upande wa karibu na hita. Mimi nikabaki na upande wa mlango, miguu ikiganda.

Sasa hapo ndipo bibi aliponipatia. Nilipopokea sindano mara ya kwanza nilipiga kelele, "Got it!" Nikavuta, uzi haukuja. Alikuwa ameushika.

"Bibi, it's through."

"Sindano hii haijui Kizungu," ilisema sauti upande wa pili. "Nikisikia imefika, nitaachia."

Basi ikawa hivyo. Imefika. Vuta. Rudisha. Subiri. Imekwama. Kaza kidogo. Hapo hapo. Nilianza na maneno hayo machache, kisha akaanza kuniuliza habari za shule, na hakuachia uzi mpaka nimjibu yote. Nilichanganya nilivyoweza: "Bibi, mwalimu ame-cancel test." Alikubali nusu nusu mwanzoni, kisha akakataa nusu. Majira ya baridi yalipokwisha nilikuwa namsimulia ndoto zangu kupitia kitambaa kile, maneno mengine nikiyabahatisha, na kivuli chake kikitikisa kichwa. Mambo niliyomwambia bibi kupitia bawa sikuwahi kumwambia mtu ana kwa ana.

Saa ya chai wazee walivuta viti kuzunguka hita na fundi akasimulia, mimi nikitafsiri. Alisema zamani kabisa injini iliwekwa nyuma na mtazamaji akakaa mbele wazi, kama yuko barazani kwake. Baadaye injini ikaenda mbele. Kwanza mtazamaji alipewa penseli tu, achore juu ya goti mito na mahema aliyoyaona, na karatasi iangushwe chini ndani ya kifuko chenye utepe ili askari waione inapodondoka. Halafu akapewa kamera nzito ya mbao, na baadaye simu ya upepo, isiyo na waya. Ndege kama yetu iliundwa itulie hewani kabisa, isiyumbe, ili mtu aandike vizuri. Lakini adui naye akapata ndege zake, zenye bunduki na wepesi, na ile iliyotulia ikawa haina pa kukimbilia.

"Kwa hiyo kosa lake ni kutulia?" bibi aliuliza.

Nilipotafsiri, fundi alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema ndiyo, mama, nadhani ndivyo. Bibi akammiminia chai nyingine. Fundi alikuwa amemzidi bibi umri, lakini alikuwa amejifunza shikamoo na kumwamkia bibi kila Jumamosi kwa heshima zote, na bibi, badala ya kumsahihisha, aliitikia marahaba kwa raha kubwa. Nilimwambia bibi si vizuri. Akasema, "Niachie, mke mwenzangu. Huku sina mengi."

Kisa cha ubani lazima nikusimulie. Tulipomaliza bawa la kwanza, bibi aliona haiwezekani kitu kipya kama kile kiachwe bila kufukizwa. Nyumba mpya hufukizwa, bi harusi hufukizwa, sembuse chombo cha kwenda hewani. Akaja na chetezo chake cha udongo kutoka Handeni, mkaa na ubani, akajibanza nyuma ya bawa, akawasha kiberiti. Sijawahi kuona mzee akikimbia vile. Fundi alivuka banda zima, akanyakua chetezo, akatoka nacho nje, akakizika kwenye theluji. Bibi alikasirika. Alidhani ametukaniwa dini yake.

Fundi alirudi akihema, hakueleza kitu, akachukua kipande cha kitani kilichokwisha kupakwa dawa, akatuongoza hadi maegesho ya magari. Akakiweka chini, akakiwasha. Kiliondoka mara moja, moto na kwisha, hata jivu sikuliona. Bibi alitazama pale pahali penyewe kwa muda. "Na watu walipanda ndani ya hii, wakapigwa risasi," alisema. Sikutafsiri, na fundi hakuuliza. Kisha bibi akachimbua chetezo chake kwenye theluji, akakifuta, na kufukiza kukafanyika hukohuko nje, mbali na mlango. Wazee wale walipanga mstari wakavua kofia, bibi akawapitishia moshi mmoja mmoja, akamalizia na kibiringo cha uzi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake pale.

Kiangazi kilikuja, fundi akasema bado kidogo, kiangazi kijacho. Kilikuja kingine. Mara kifaa fulani hakipatikani, mara mkaguzi hajaridhika. Miguu ya bibi ilianza kuvimba, sukari ikapanda, mama akataka apumzike au arudi nyumbani kwenye joto. Bibi alikataa yote mawili. "Narudi ikiruka," alisema, na mama alitoka chumbani kulia, kwa sababu alijua daktari amesema nini.

Siku walipoiwasha injini kwa mara ya kwanza, ndege ilikuwa imefungwa mkiani kwa kamba nene, magurudumu yamezuiwa, uwanjani nje ya banda. Fundi alizungusha pangaboi kwa mkono, akaruka pembeni. Injini ikakohoa, ikashika. Ukelele ule sijausahau, wala upepo wake. Nyasi zililala, kanga ya bibi ikapepea kama inataka kumvua, na kitani chote tulichokishona kikawa kinatetemeka, kila mshono wetu ukiwa hai. Mkia ulinyanyuka kidogo ukakaza kamba. Bibi alinishika mkono mpaka ukaniuma.

"Imeruka?"

"Bado, bibi. Wamei-tie."

"Wameifanya nini?"

"Wameifunga."

"Waifungue basi!" alisema, na wote wawili tukacheka kwa kelele ambayo hakuna aliyeisikia. Nakumbuka nikifikiri kwamba ni suala la muda tu. Nilikuwa mtoto na niliamini watu wazima wakisema kijacho.

Haikuruka. Mwaka uliofuata, majani yakianza kudondoka, fundi alimpigia mama simu. Wenye eneo walikuwa na mipango mingine na banda lilihitajika. Wazee walipewa muda wa kuhamisha vitu vyao, tena mfupi. Ndege ingefunguliwa, ipelekwe mji mwingine ambako kulikuwa na ukumbi wa kuihifadhi, na huko ingetundikwa darini kwa nyaya. Mama alimweleza bibi jikoni. Bibi alikuwa akikanda unga. Aliendelea kukanda mpaka unga ule ukawa haufai tena, kisha akanawa mikono akaenda kulala na hali ni mchana.

Siku ya kuhama tulikwenda. Upepo ulikuwa mkali, uwanja ule hauna cha kuuzuia. Wazee walitembea polepole kama watu walio msibani, wakifungua nyaya moja moja, hakuna anayepiga utani. Mabawa ya juu yalikwenda kwanza kwenye lori. Ilipofika zamu ya bawa letu la chini, lile la kwanza kulishona, bibi alivua kanga aliyojitanda mabegani. Akaikunja, akaisokota, akaizungusha. Nilikuwa namtazama sijaelewa, mpaka alipoiweka kichwani ndipo nikajua ni ngata.

"Mwambie fundi nabeba."

Fundi alinitazama, akamtazama bibi na miguu yake ile iliyovimba. Nilidhani atakataa. Akawaambia wenzake wawili wasogee, wamwachie nafasi kwenye ncha, na wao washike uzito huku na huku. Bibi aliingia chini ya bawa, akalipokea kwa kichwa, mkono mmoja juu, mgongo umenyooka namna ambayo sikuwahi kuuona umenyooka. Wakaanza kutembea. Mimi nilitembea kando yake.

"Nyepesi," alisema, kwa mshangao. "Baba alisema ni nyepesi."

Tulikuwa nusu ya njia upepo ulipokuja. Uliingia chini ya bawa na wazee wakapiga kelele wakining'inia nalo. Mimi nilikuwa natazama kichwa cha bibi, kwa sababu niliogopa ataanguka. Nakuapia, bawa lile liliinuka. Kati ya ngata na kitani niliona mwanga. Bibi alisimama chini yake bila kitu kichwani, mkono bado juu, uso umeelekea mbinguni, na bawa likiwa juu yake linakwenda lenyewe. Kisha upepo ukakata, likarudi kukaa pale pale kwenye ngata, taratibu. Bibi akaendelea kutembea mpaka lorini.

Alirudi Handeni likizo iliyofuata. Mama nami tulimsindikiza. Alipokwisha kupumzika alitaka isomwe dua ya baba yake, na ndugu wakaja, wakala pilau, wakakaa mikekani. Palikuwa na binamu yake, mzee mwenye mkongojo, mmoja wa wale waliokuwa wakikimbia kisimani na kanga mikononi. Kwa utani wa kizee akauliza, "Je, bibie, huko Kanada hukuiona ndege ya Mzee Shuka?"

Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Nimeiona," alisema. "Ya fito na shuka, kama alivyosema baba. Nimeishona kwa mikono hii. Nikaibeba kwa kichwa hiki."

"Ikaruka?"

"Ikaruka. Mimi nilikuwa chini yake."

Binamu yake akageuka akaniona mimi, mtoto wa Kanada, mwenye viatu vya mpira na vyuma vya kunyoosha meno. "Eti, mjukuu, ni kweli?" Nilimtazama bibi. Alikuwa ametazama chini, anachezea pindo la kanga, akinisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri upande wa pili wa bawa.

"Kweli, babu," nilisema. "Iliruka. Nilikuwepo, nikaona."

Niliyasema kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kukwama popote. Yule mzee akasema, "Basi tulimwonea." Akainua mikono, akaanza upya kumwombea dua Mzee Shuka, safari hii kwa jina lake halisi, na watu wakaitikia amina. Bibi alilia mbele za watu wote, na hakujifunika uso.

Alifariki mwaka uliofuata, hukohuko, na habari tuliipata kwa simu mama akiwa anavaa sare ya kazi. Fundi naye alishatangulia, nilisikia. Lile eneo la banda nilipita juzi na basi, sikulitambua. Jirani Mjamaika alihama. Mama amechoka, siku hizi mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na kazini hakuna ninayeweza kumwambia hata habari za asubuhi. Maneno mengine yameanza kunitoka. Juzi nilitafuta neno ngata kichwani siku nzima ndipo likaja.

Baada ya harusi, Jumapili, niliendesha gari mpaka ule mji wa mbali kuitazama. Imetundikwa darini kama walivyosema, imesafishwa, taa zimeelekezwa. Mtoto mmoja alimuuliza mwongozaji kama iliwahi kuruka. Akamjibu kwa upole kwamba hii hapana, haijawahi kuondoka ardhini. Sikubishana naye. Nilikwenda nikasimama chini ya bawa la chini, kwenye ncha, nikatazama juu. Mishono inayoonekana ni yangu. Imepinda, mingine unaona kabisa nilikuwa nasinzia au nasikia baridi. Ile ya bibi, iliyonyooka, iko upande wa juu, inatazama dari, na hakuna mtu atakayeiona.

Niliinua mkono, kucha zangu bado zina rangi ya harusi, lakini haukulifikia bawa. Nikasema kwa sauti ndogo, "Bibi, imefika." Nikasubiri pale mpaka walipoanza kuzima taa. Hakuna aliyeniambia vuta.